Siku tatu kwenye mashine ya nyutroni: nyota nne

Mashine hii hurusha nyutroni, chembe za kiini cha atomu zisizo na chaji, kwenye sampuli. Nilipeleka polipropilini, plastiki ya kawaida kabisa, nikitaka kujua vikundi vyake vya methili (kaboni moja na hidrojeni tatu, vinavyoning'inia kwenye mnyororo wa molekuli) huanza kuzunguka kwenye baridi gani. Kituo sikitaji, maana nina malalamiko.

Lakini kwanza haki yake. Kama unachokifuata ni mwendo wa hidrojeni, sijaona kifaa cha kushindana na hiki. Eksirei humpita hidrojeni kama haipo. Nyutroni hugongana nayo mara kumi hivi zaidi ya deuteri, yaani hidrojeni nzito. Tena nyutroni ya joto la kawaida ina nishati ya milielektroni-volti 25 hivi (elektroni-volti ni kipimo cha nishati ndogo sana), jirani na nishati ya mitikisiko ya molekuli zenyewe, kwa hiyo ikipokea au ikitoa kidogo tu, inaonekana. Mashine niliyopewa hutofautisha hadi mikroelektroni-volti 1, yaani mwendo wa nanosekunde, sehemu ya bilioni ya sekunde.

Usiku wa kwanza ndio ulionilipa. Tulianza kelvini 4, yaani nyuzi -269 hivi za Selsiasi, molekuli zimeganda, kisha tukapandisha joto polepole huku tukihesabu nyutroni zinazorudi na nishati ileile. Mchoro ulikwenda tambarare muda mrefu hadi nikasinzia. Nilipofumbua macho ulikuwa unateremka, ishara kwamba kuna kilichoanza kusogea, na minyororo ya plastiki ilikuwa bado haijalegea! Methili zilikuwa zimeshaanza ngoma peke yao.

Sasa malalamiko. Kuna kosa langu: filamu niliyoleta ilikuwa nene. Takriban asilimia 90 ya nyutroni zinatakiwa zipite bila kuguswa, la sivyo moja hugonga mara mbili tatu na data inavurugika. Mwanasayansi wa mashine alishusha pumzi, akachukua wembe, tukaanza upya. Mungu ambariki. Lakini saa saba zilizopotea mwale wa nyutroni ulipozimika hazikufidiwa, na kipimo cha metali ya vanadiamu, kinachoonyesha mashine yenyewe inatofautisha nishati kwa ukali gani, kilisukumwa hadi saa ya mwisho. Programu ya kuchakata data nayo ina mwongozo ulioishia katikati. Nyota moja imepotelea hapo.

Kopo langu la aluminiamu, lililobeba filamu na kupigwa na nyutroni, lilikaguliwa mionzi kabla sijaondoka. Halikuchukua muda, kwani mionzi ya aluminiamu hupungua nusu kila dakika mbili na kidogo.

Nimeomba tena, siku tano. Safari hii mnyororo utakuwa wa deuteri, methili pekee ndizo nitakazoziachia hidrojeni.