Chuo kwa Mtoto wa Hesabu: Ulizia Mlango wa Kuhama Kozi Kabla Hujalipa

Mwanangu wa kwanza alikuwa mtoto wa PCM (fizikia, kemia na hisabati), mwenye kukesha na hesabu huku wenzake wakikesha na mpira. Tukampeleka nje kusoma uhandisi wa ujenzi. Muhula wa pili akanipigia: "Mama, huku tunapewa kanuni, tunaweka namba, basi. Nataka kuhamia hisabati." Chuo kikamjibu kwamba kozi aliyodahiliwa ni hiyohiyo; akitaka nyingine aombe upya, na ada iliyolipwa hairudi. Akamaliza uhandisi wake. Mpaka leo haupendi.

Sasa mdogo wake yuko kidato cha tano, naye hesabu zimemshika vilevile. Safari hii sikuuliza chuo ni cha ngapi duniani wala mabweni yakoje. Niliuliza jambo moja: akifika akaona moyo wake uko kwenye hisabati yenyewe, au kompyuta, au fizikia, anahamaje? Hesabu za kidato cha sita ni za kutafuta jibu. Za chuoni ni za kuthibitisha kwa nini jibu haliwezi kuwa jingine. Mtoto wa miaka 18 hajaonja hizo za pili, sasa atachaguaje?

Kwangu MIT, chuo cha teknolojia cha Massachusetts kule Marekani, ndiyo ya kwanza, wala sifichi. Pale mtoto haingii na kozi. Wote hupitia msingi mmoja: kalkulasi mihula miwili, fizikia mihula miwili, kemia na biolojia. Muhula wa kwanza akianguka somo, haliandikwi kwenye rekodi inayotoka nje ya chuo. Mwisho wa mwaka anachagua mwenyewe, na hakuna idara ya kumwambia nafasi zimejaa. Akitaka hisabati, anaingia kozi ya 18, maana idara kule huitwa kwa namba. Na fedha je? MIT haitazami mfuko wa mzazi inapoamua nani aingie, hata kwa mtoto anayetoka Tanzania, na akichaguliwa chuo kinaziba pengo lote ambalo familia haiwezi kulipa. Ada ya maombi ni dola 75, na asiye nayo huomba asamehewe. Mtihani wa SAT au ACT, ile ya kuombea vyuo vya Marekani, ni lazima. Nafasi ni finyu mno: katika waombaji 100 hawapokelewi hata 5, na kwa wanaotoka nje ya Marekani ni finyu zaidi. Bado nasema aombe.

Caltech, chuo cha teknolojia cha California kule Pasadena, naiweka ya pili. Wanafunzi wa shahada ya kwanza ni kama 1,000 tu, kwa hiyo profesa anamjua mtoto wako kwa jina. Kozi huchaguliwa mwisho wa mwaka wa kwanza. Ya tatu ni Harvey Mudd, chuo kidogo cha Claremont ambacho wazazi wengi hapa hawajakisikia. Hakina wanafunzi wa uzamili, hivyo maprofesa wenyewe ndio wanaofundisha, na mlango wa kuchagua uko wazi mpaka mwaka wa pili. Kinachouma ni bei yake.

Cambridge kwa hisabati haina mpinzani machoni pangu. Lakini Uingereza unaomba kozi moja tangu mwanzo, Cambridge na Imperial ya London pia. Mtoto aliyekwisha kujijua, mwacheni aende, na aanze mapema kujiandaa na STEP, mtihani wa hisabati wa kuingilia Cambridge. Asiyejijua, huko ndiko alikokwama kaka mtu.

Za bei nafuu: ETH Zürich ya Uswisi imewapandishia wageni ada mara tatu tangu 2025, hadi faranga 2,190 kwa muhula, na bado ni rahisi kuliko Marekani, ila shahada ya kwanza husomwa kwa Kijerumani. IIT Madras ya Zanzibar, tawi la chuo cha teknolojia cha India lililofunguliwa 2023, inamfaa anayetaka sayansi ya data.

Sasa nije kwa mawakala wanaowatafutia watoto vyuo vya nje, maana hapo ndipo nilipoumizwa. Unawakuta kwenye maonyesho ya vyuo hotelini, meza zimejaa vipeperushi. Wakala hulipwa kamisheni na chuo anachokupeleka, ndiyo maana yule wa kwetu hakutaja hata mara moja chuo kisichomlipa. Nilimlipa ada ya ushauri, nikamuuliza waziwazi habari ya kubadili kozi. Akanijibu, "Hilo dogo, mama, akifika atabadilisha." Kwa neno hilo tukauza kiwanja cha Kibaha.

Kwa hiyo mzazi mwenzangu, usikubali jibu la mdomo. Iandikie ofisi ya udahili ya chuo chenyewe barua pepe, uulize matatu: mtoto anaweza kuhama kutoka uhandisi kwenda hisabati? Kwa masharti gani? Masomo aliyokwisha kufaulu yatahesabiwa? Mimi nimeandikia vyuo vinne kwa ajili ya huyu binti, na majibu nayachapa, nayaweka kwenye faili moja na vyeti vyake. Chuo kisichojibu hakipati ada yangu.