Mnazi wa saa kumi, Mtopanga

Kazi yangu ni kumimina mvinyo hotelini Nyali, Mombasa. Kutwa nawaambia wageni hii nyekundu ya Stellenbosch imelala kwenye pipa miaka miwili, nao wanazungusha glasi, wananusa, wanaitikia kwa kichwa. Siku ya ofu nashuka tuktuk Mtopanga, nakata kichochoro cha maseremala hadi mangweni, kilabu cha tembo la mnazi, kwa mama mmoja wa Kichonyi. Bango hakuna. Ukiona mtungi wa manjano uliofunikwa kitambaa na wazee wamejipanga kwenye benchi, umefika.

Hapa umri wa kinywaji ni wa saa. Mgema anapanda alfajiri, anachonga ncha ya karara kwa kotama, anateremka na kibuyu. Saa mbili asubuhi mnazi bado ni sharubati. Saa kumi jioni umeamka, una povu na unachoma ulimi. Ukilala hadi kesho unakutoa machozi, na ukizidi hapo upeleke jikoni tu, ni siki ya kachumbari.

Kinachonirudisha kwa mama huyu ni mchanganyo wake. Anachukua wa jana, anautia wa asubuhi, kwa jicho tu, kisha anaonja kwa mboko, kile kibuyu cha kunywea. Jumamosi alionja, akakunja uso, akaongeza mtamu kidogo. "Subiri baba, bado unagombana." Nikasubiri robo saa.

Ulipokuja na mrija wake, ule wenye nyuzi za kuchujia nchani, harufu ya kwanza ilikuwa ya unga wa mahamri uliofura usiku. Halafu utamu wa dafu, halafu ukali ukapanda puani. Kooni haukai sana kama ile nyekundu ya hotelini. Lakini kwa mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, wageni wangu mtanisamehe, sijaona mvinyo wa kushindana nao. Chupa ni shilingi mia.

Kuna kwingine, sitapataja, niliuziwa maji ya sukari yaliyopakwa jina la mnazi, kichwa kikaniuma siku mbili. Ndiyo maana nimesita kumsifu huyu hadharani. Mnajua mgema akisifiwa hufanya nini.

Benchi lina msumari, suruali yangu ya kazi ni shahidi. Choo, jikazeni. Na kadzama mbili, vile vyombo vya mnazi wa sherehe, mtakazoziona pembeni msiziulizie bei kama nilivyofanya mimi nikachekwa: zilikuwa zinapelekwa Kaloleni kwenye mahari.

Nendeni kati ya saa kumi na kumi na moja. Ikigonga kumi na mbili mtungi umebaki mashapo, na wale wazee hawamsogezei mtu nafasi.