Uzoefu wangu Kigoma: hoteli nzuri ila msikae ndani, Ujiji na Gombe viko hapo hapo

Nimerudi juzi kutoka Kigoma, nilikuwa na mzee wangu, tumekaa siku tano kwenye risoti moja kando ya Ziwa Tanganyika. Kabla ya kwenda nilitafuta sana maelezo ya Kiswahili nikaambulia picha za swimingi puli tu, ndo maana naandika. Hoteli sina ugomvi nayo, vyumba visafi, mgebuka wa kukaanga mtamu balaa, na jioni unakaa unaangalia jua linazama nyuma ya milima ya Kongo. Ila nilipouliza mapokezi tutembelee wapi wakaniambia Ujiji nusu saa inatosha, hamna kitu cha kuona. Jamani si kweli kabisa.

Ujiji ni bajaji tu toka Kigoma mjini, hata daladala zipo. Pale kwenye kumbukumbu ya Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi wa Kiskoti, kuna mnara wa jiwe wenye ramani ya Afrika na msalaba, miembe miwili mikubwa iliyotokana na ule mwembe wa zamani ambao inasemekana alikutana chini yake na Stanley, mwandishi wa habari aliyetumwa kumtafuta, na makumbusho ndogo yenye sanamu za Stanley na Livingstone wanasalimiana kofia mkononi. Ukiangalia hivyo tu ukaondoka kweli nusu saa inatosha. Lakini muombe anayewatembeza awaeleze habari za misafara, maana hapa ndo ilikuwa njia ya watumwa na pembe za ndovu kwenda Bagamoyo, kama kilomita 1,200 kwa miguu, watu wametembea hiyo njia wamefungwa minyororo. Na mwaka 1871 Stanley alipofika, aliyekimbia kwenda kumlaki na kumpelekea Livingstone habari ni Susi, mtumishi wake Livingstone, huyu huyu ambaye baadae yeye na Chuma na wenzao waliubeba mwili wa Livingstone toka Zambia ya leo mpaka Bagamoyo. Mzee alisimama pale mwembeni muda mrefu hataki kuondoka, tumekaa karibu masaa matatu na sijutii.

Gombe sasa, ile hifadhi ya sokwe. Ukitaka boti binafsi ya hoteli bei yake inauma, sisi tulipanda boti ya abiria pale Kibirizi, mnajazana na magunia na kuku na akina mama wanaorudi vijijini kwao, inachukua kama masaa matatu, bei ni ndogo sana ukilinganisha. Ila inaondoka mchana kwa hiyo lazima mlale huko huko, na mimi nawashauri mlale hata kama mna hela ya boti binafsi, kwa sababu sokwe wanatafutwa asubuhi na huwezi kujua wako bonde gani. Milima ni mikali, mzee magoti yakagoma akabaki ufukweni (chakula kifungieni ndani, nyani wa pale wanakwapua mchana kweupe), mimi nikapanda na muongozaji masaa mawili jasho linanitoka mpaka tukasikia makelele yao bondeni. Unavaa barakoa, unakaa mbali kidogo, saa moja tu mnaondoka. Kulikuwa na mama na mtoto wake, mama anachokoa mchwa kichuguuni kwa kijiti, kile kile alichokiona mtafiti wa sokwe Jane Goodall hapa mwaka 1960 dunia ikashangaa kwamba kumbe mnyama naye anatengeneza kifaa. Nililia aisee, sijui hata kwa nini.

Ufukwe wa Jakobsen upo upande wa Katonga, maji maangavu unaona samaki wa rangi rangi miguuni, nenda siku ya kawaida utaukuta mtulivu.

Kilichomgusa zaidi mzee lakini ni stesheni. Alifanya kazi reli Tabora miaka mingi na hajawahi kufika mwisho wa reli! Jengo ni la Mjerumani, reli ilifika hapa 1914, na ni reli hiyo hiyo iliyoleta vipande vya meli ya Liemba baada ya kutengenezwa Ujerumani na kufunguliwa yote, ikaunganishwa upya hapa Kigoma. Mwaka 1916, kwenye Vita ya Kwanza ya Dunia, Wajerumani wakaizamisha wenyewe isiangukie kwa adui, injini wameipaka grisi kwanza isile kutu, Waingereza wakaja kuiibua 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Mzee alinieleza yote haya tumesimama nje ya stesheni, mimi nimekulia nyumba ya mtu wa reli na sikuwahi kuyasikia.

Kwa hiyo ukipata siku nne, mbili ziwe za Gombe, moja nzima Ujiji, inayobaki stesheni na ufukwe. Bebeni koti la mvua hata kiangazi, upepo ukichachamaa boti inarusha maji mnaloa wote, na dagaa nunueni Kibirizi siku ya kuondoka.