Ndoa ya bomani Dodoma: huduma ya kuaminika, ila siku 21 huwaponza wengi

Huduma: kufunga ndoa ya serikali kwa msajili, ofisi ya mkuu wa wilaya. Nyota 4 kati ya 5.

Mabishano ya ndoa za jinsia moja yakipamba moto vijiweni, kila upande hushika maandiko yake au katiba za nchi za mbali. Kwa Tanzania jambo lenyewe limeandikwa waziwazi, na msajili anafanya kazi chini yake kila siku: kifungu cha 9 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinasema ndoa ni muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke, uliokusudiwa kudumu maisha yao yote. Wawili wa jinsia moja msajili hawezi kuwafungisha hata angependa, na kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, kinachokataza kujamiiana kinyume cha maumbile, kina adhabu inayofika kifungo cha maisha. Anayemgombeza karani kwa hilo anamwonea bure.

Afrika Kusini ilipobadilika, haikuanzia kaunta. Mahakama ya Katiba iliamua Desemba 2005, ikalipatia Bunge miezi 12 kurekebisha sheria, na sheria mpya ikaanza Novemba 2006. Hata hapo ofisa mwenye pingamizi la dhamiri aliweza kukataa kufungisha ndoa hizo, hadi ruhusa hiyo ilipofutwa mwaka 2020. Nasi Tanzania tumeona njia hiyohiyo ikitumika kwa umri wa wasichana kuolewa: kesi iliamuliwa na Mahakama Kuu 2016, kisha na Mahakama ya Rufani 2019. Mwenye hoja juu ya kifungu cha 9, ya kukibadili au kukilinda, aipeleke huko au bungeni.

Turudi kwenye huduma. Taarifa ya nia ya kuoana inatakiwa ifike kwa msajili angalau siku 21 kabla ya ndoa, ndipo itangazwe. Wengi hulijua hili kadi za mwaliko zikiwa zimeshachapwa na ukumbi umelipiwa. Leseni maalumu ya kufupisha muda ipo, lakini huombwa kwa Msajili Mkuu wa RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi, vifo na ndoa, na inadai sababu ya maana. Haraka ya sherehe pekee si ya kutegemea.

Taarifa inataka majina, umri na makazi ya wote wawili, majina ya wazazi, na hali ya kila mmoja: hajaoa, mjane, ametalikiwa. Hapa ndipo mambo hukwama. Cheti cha kuzaliwa kinasema Elizabeth, kitambulisho cha taifa cha NIDA kinasema Elizabeti, na cha ubatizo kina jina la babu ambalo halipo kwingine. Sawazisheni mapema, kwa tofauti ndogo watu hutumia hati ya kiapo mbele ya wakili au hakimu. Aliyetalikiwa abebe hati ya talaka, na mjane cheti cha kifo. Karatasi hizo zikikosekana, kuhesabu siku hakuna maana.

Swali ambalo wachumba hulipita juujuu ni aina ya ndoa: ya mke mmoja au ya wake wengi. Jibu hilo linafunga. Mwanamume aliye katika ndoa ya mke mmoja hawezi kuongeza mke ndoa hiyo ikiwa hai. Katika ile ya wake wengi, mke aliyepo ana haki ya kuweka pingamizi, kwa mfano kama kipato cha mume hakitoshi na familia itataabika. Mjadiliane nyumbani, si mbele ya mashahidi wenu 2.

Familia za Chamwino, Bahi au Mpwapwa zilizomaliza mahari kwa ng'ombe na kuozesha kimila zisidhani zimeshamaliza: ndoa ya kimila inatakiwa iombewe usajili ndani ya siku 30. Kuishi pamoja miaka 2 huzaa dhana ya ndoa tu, nayo hupingika mahakamani, mara nyingi na ndugu wa marehemu wakati nyumba inagombewa.

Nyota imepungua kwa sababu ya taarifa hafifu kwa umma. Tangazo moja la siku 21 mlangoni lingeokoa fedha za watu. Shahada ya ndoa mkiipokea, isomeni hapohapo mezani: herufi za majina, tarehe, aina ya ndoa. Kosa linaloonekana siku ya mirathi husahihishwa kwa shida sana, kwa kuwa mmoja wenu hayupo tena.