Gari la Umeme la Kwenda na Kurudi Kazini: Lipi la Kwanza, Lipi la Mwisho

Mtu akitaka kununua gari la umeme, swali lake la kwanza karibu kila mara ni kilomita ngapi kwa chaji moja. Mimi humrudishia swali: usiku litalala wapi? Gari linalolala karibu na soketi huamka limejaa kila siku, na mwenye gari hilo hana haja ya kulipia betri kubwa. Anayeegesha barabarani ana hesabu nyingine kabisa, na orodha yangu kwake inapinduka.

Tupige hesabu kidogo. Gari la umeme la ukubwa wa kati hula takriban kilowati-saa 16, yaani yuniti 16 za umeme, kwa kilomita 100. Ukienda kazini na kurudi kilomita 60, umetumia kama kilowati-saa 10. Soketi ya kawaida ya nyumbani hutoa karibu kilowati 2.3, na sehemu ya umeme hupotea njiani kama joto. Ukichomeka saa mbili usiku, ifikapo saa nane usiku umeme wote wa siku umesharudi. Chaja ya ukutani ya kilowati 7.4 hufanya kazi hiyo kwa chini ya saa mbili. Kwa safari ya namna hii, betri ya kilowati-saa 50 inatosha na kubaki.

Ndiyo maana nafasi ya kwanza nawapa BYD Dolphin na MG4 yenye betri ya kilowati-saa 51. Dolphin yenye betri ndogo, kilowati-saa 44.9, imepimwa kilomita 340 kwa WLTP, kipimo rasmi kinachotumika Ulaya. MG4 hiyo ni 350. Barabara kuu kwa mwendo wa kasi, toa robo nzima ya namba hizo usije ukalia. Kinachonivutia zaidi ni betri zenyewe, za chuma na fosfati. Hizi hazidhuriki upesi kwa kujazwa hadi asilimia 100, na huvumilia kuchajiwa mara nyingi sana. Udhaifu wake ni baridi kali: huchaji polepole mpaka zipate joto. Nikilazimishwa kuchagua moja, mwenye kubeba watu nyuma kila siku nampa Dolphin, maana sakafu yake iko sawa na miguu inapata nafasi. Anayependa kuendesha nampa MG4. Inasukumwa na tairi za nyuma, na kwenye kona unaisikia tofauti.

Ya pili ni Hyundai Kona ya kilowati-saa 64, pamoja na ndugu yake Kia Niro. Ninaziheshimu sana kwa kutokula umeme ovyo. Zinamfaa mwenye safari ndefu kila wiki, si mara mbili kwa mwaka. Betri zake ni za nikeli, kwa hiyo matumizi ya kila siku ishia asilimia 80, ukijaza zote pale tu unaposafiri.

Ya tatu, Nissan Leaf iliyotumika, ya kilowati-saa 40. Hapa tukae kidogo, kwa sababu ndipo wengi wenye bajeti ndogo wanapoanzia, na ndipo kosa la ununuzi linapouma zaidi. Leaf za vizazi viwili vya kwanza hazina mfumo wa maji wa kupoza betri, hivyo gari lililoishi kwenye joto kali au lililochajiwa haraka haraka kila siku huwa limechoka. Washa gari, kisha tazama pembeni ya kipimo cha chaji kwenye dashibodi: kuna vijistari 12 vinavyoonyesha afya ya betri. Kimoja kikiwa kimezimika, betri imeshapoteza takriban asilimia 15 ya uwezo wake. Usivichanganye na vile vya chaji ya siku; muuzaji anaweza kukuonyesha chaji iliyojaa nawe ukadhani betri ni nzima. Jambo la pili ni plagi yake ya chaji ya haraka, CHAdeMO, ambayo chaja mpya nyingi zimeiacha. Ukichaji nyumbani, hilo halitakusumbua.

Tesla Model 3 naiweka ya nne. Umeme inautumia kwa uangalifu mkubwa, lakini iko chini na buti lake lina mdomo mwembamba. Kwa barabara yenye matuta na mizigo ya nyumbani, si chaguo langu.

Hyundai Ioniq 5 ni ya tano kwa mwenye soketi, kwa kuwa ni pana na ina uwezo usioutumia kwenye foleni. Kwa asiye na soketi inapanda hadi ya kwanza. Mfumo wake wa volti 800 huichaji kutoka asilimia 10 hadi 80 kwa dakika 18, ila kwa chaja ya kilowati 350. Kama iliyo njiani kwako ni ya kilowati 50, utasubiri kama wengine.

Kabla ya kutoa pesa, lolote utakalochagua, lichomekee kwenye chaja utakayoitumia na uone likichaji. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la China huja na plagi ya GB/T, isiyoingia kwenye chaja za CCS, yaani zenye plagi ya chaji ya haraka inayotumika Ulaya. Pitisha kiganja kwenye tairi: magari haya ni mazito, nazo huisha upesi. Breki kwa kawaida huwa nzima, kwa kuwa mota ndiyo hupunguza mwendo huku ikirudisha umeme kwenye betri. Na kama limetumika, mwenye gari aliondoe kwenye akaunti ya simu yake mbele yako, la sivyo ataendelea kuona lilipo.