Betri ya gari inaisha chaji kila mara: nini ununue kwanza, nini baadaye, nini uache

Katika mwongozo huu betri mpya inashika nafasi ya nne. Nimeiweka huko kwa makusudi. Gari ambalo betri yake inakufa kila mara huwa na moja kati ya shida tatu: betri yenyewe imechoka, alternata (kifaa kinachozalisha umeme injini ikizunguka) haiijazi ipasavyo, au kuna kitu kinakunywa umeme gari likiwa limezimwa. Betri mpya inatibu shida ya kwanza tu. Ukiwa na ya pili au ya tatu, hiyo mpya nayo itakufa, na muuzaji atakataa gwaranti akisema betri yake haina kosa. Atakuwa amesema kweli.

Kwa hiyo fuata mpangilio huu, na usimame pale shida yako itakapoishia.

1. Multimeta

Ni kifaa cha kupimia umeme. Ile ndogo ya njano yenye maandishi DT830, inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya umeme Kariakoo na kwingineko, inatosha kwa kazi hii. Usihangaike na ya bei kubwa. Kinachotakiwa ni isome volti za DC hadi 20 na iwe na tundu la ampea 10.

Kipimo cha kwanza ni asubuhi, gari likiwa limelala usiku kucha, kabla hujawasha chochote. Waya mwekundu kwenye chanya, mweusi kwenye hasi. Ukisoma 12.6 au zaidi kidogo, betri imejaa. 12.4 ni robo tatu, 12.2 ni nusu, 12.0 imebaki robo, na ikishuka chini ya 11.8 imeisha. Kati ya kujaa na kuisha hakuna hata volti moja kamili, kwa hiyo fundi akikwambia "ina volti 12, ni nzima", mwambie apime tena na akutajie tarakimu iliyo nyuma ya nukta. Kisha mwombe mtu apige stata wewe ukiangalia kipimo. Betri iliyojaa ikianguka chini ya 9.6 wakati stata inazunguka, imechoka.

Kipimo cha pili, injini ikiunguruma. Hapa unatafuta 13.8 hadi 14.4. Washa taa kubwa, feni na AC. Namba itashuka kidogo lakini isianguke chini ya 13.5. Ikianguka, angalia mkanda, nyaya, kisha alternata. Ikipanda hadi 15, regyuleta (kidhibiti cha volti za alternata) imeharibika na inaichemsha betri hadi maji yanakauka. Baadhi ya gari za miaka ya karibuni hupunguza chaji kwa makusudi ili kubana mafuta, kwa hiyo usiihukumu alternata kabla ya kuwasha taa kubwa.

Kipimo cha tatu ndicho mafundi wengi hawakifanyi, na ndicho kinachofichua wezi wa umeme. Zima kila kitu, toa ufunguo uuweke mbali na gari, funga milango, subiri kama nusu saa ili kompyuta za gari zilale. Hamishia waya mwekundu wa multimeta kwenye tundu la ampea 10 na ugeuze kitufe hadi 10A. Fungua terminali ya hasi, kisha weka multimeta katikati: ncha moja kwenye waya ulioutoa, nyingine kwenye nguzo ya betri. Kuunganisha upya huko kunaweza kuziamsha kompyuta kwa muda, kwa hiyo soma baada ya namba kutulia. Gari lisilo na hitilafu hunywa miliampea 50 au chini ya hapo, yaani 0.05 kwenye kioo. Ukiona 0.30, fanya hesabu: kwa siku ni Ah 7.2 (Ah ni ampea-saa, kipimo cha umeme ambao betri inaweza kubeba), na kwa siku tatu betri ya Ah 45 imepoteza karibu nusu. Hapo anza kuchomoa fyuzi moja moja hadi namba ishuke. Fyuzi iliyoishusha ndiyo njia ya mwizi wako. Kwa gari zetu nyingi huwa ni treka, alamu, au redio kubwa ya Android iliyofungwa kwenye waya wenye umeme saa zote. Taa ya buti isiyozimika nayo imo. Kama hakuna fyuzi iliyobadilisha kitu, mshuku alternata: diodi zake zikiharibika hunyonya betri usiku.

Mambo mawili ya kuzingatia sana. Usipige stata wala kuwasha taa kubwa multimeta ikiwa katikati namna hiyo, maana tundu la 10A kwenye nyingi za hizi za njano halina fyuzi. Na ukimaliza, rudisha waya mwekundu kwenye tundu la volti palepale. Ukisahau, siku utakayopima volti utakuwa umeishoti betri moja kwa moja.

2. Brashi ya waya, terminali, na maji ya betri

Ule ukungu mweupe au wa kijani kwenye terminali unazuia chaji kuingia na umeme kutoka. Chukua spana namba 10, fungua hasi kwanza halafu chanya, mwagia maji ya moto yenye kijiko cha magadi, sugua hadi risasi ing'ae, kausha, rudisha chanya kisha hasi, pakaza grisi kwa juu. Utaratibu wa hasi kwanza una sababu: spana ikigusa bodi ukiwa unafungua chanya, na hasi bado imefungwa, itapiga cheche kubwa.

Ukikuta fundi alichomeka msumari au kipande cha bati ili terminali ibane, nunua terminali mpya za risasi au shaba nyeupe. Mwambie pia aangalie waya wa ethi unaokwenda kwenye bodi na injini. Ukilegea huo, dalili zote ni za betri mbovu.

Kwa betri yenye vifuniko vya kufungua, angalia maji kila mwezi kama unaishi Pwani. Ongeza maji yaliyotoneshwa peke yake. Maji ya bomba na ya kunywa ya chupa yana madini yanayoharibu sahani za risasi zilizo ndani ya betri. Asidi haiongezwi kabisa, kwa sababu kilichopungua ni maji, asidi imebaki ndani. Dukani hakikisha umepewa maji, maana vyote viwili huuzwa kwenye chupa zinazofanana.

3. Chaja

Nunua ile inayojipunguza yenyewe betri ikikaribia kujaa. Kwa gari dogo, ampea 4 hadi 6 zinatosha. Kanuni ya zamani ya sehemu moja ya kumi ya Ah bado ni nzuri. Betri iliyokufa kabisa itahitaji usiku mzima.

Kifaa hiki kinamfaa zaidi mwenye safari fupi. Kutoka Sinza hadi Mwenge kwenye foleni, AC ikifanya kazi na wipa zikizunguka, hakurudishi alichokula stata pamoja na kile kilichopungua tangu jana. Betri ikikaa wiki kadhaa chini ya 12.4, fuwele za salfeti ya risasi hujijenga kwenye sahani na uwezo wake haurudi tena. Kuijaza kikamilifu mara moja kwa mwezi kunairefushia maisha, na bei ya chaja ni ndogo kuliko ya betri. Wale wa kuchajisha mtaani husaidia siku ya dharura, lakini chaji ya nguvu ya nusu saa huipasha betri joto na kupinda sahani. Ukiipeleka, waombe walaze usiku kucha kwa ampea ndogo.

4. Betri mpya

Sasa umepima, umesafisha, umechaji, na asubuhi bado unasoma 12.1 wakati hakuna kitu kinachovuja. Nenda dukani.

Anza na ukubwa. Soma herufi kwenye betri ya zamani, au bora zaidi kwenye kitabu cha gari, kwani aliyekutangulia huenda alifunga isiyo sahihi. Kwenye 46B24L, namba ya kwanza ni nguvu, B ni daraja la upana na kimo, 24 ni urefu kwa sentimita, na L ni upande wa terminali. Madukani wataiita NS60L. Ukipewa R badala ya L, nyaya hazitafika, au mtu atazilazimisha na kugeuza chanya na hasi. Angalia pia unene wa nguzo: herufi S mwishoni, kama 46B24LS, inamaanisha nguzo nene.

Kisha tarehe. Betri huzeeka ikiwa imekaa dukani, na kwenye joto huzeeka haraka. Tafuta muhuri wa kiwandani na mwombe muuzaji akusomee. Ikizidi miezi 6, omba nyingine. Ipime volti palepale kaunta kwa multimeta yako. Chini ya 12.4 iache. Lile jicho la kijani juu ya betri linaangalia seli moja tu kati ya sita, kwa hiyo lisikuridhishe.

Kwa aina, mpangilio wangu ni huu. Kwa gari nyingi za petroli zinazotembea kila siku, chukua betri iliyofungwa, ile ambayo wauzaji huiita kavu. Haipotezi maji haraka na haihitaji mtu wa kuikumbuka. Inayofuata ni ya maji yenye vifuniko, na kwa mtu wa Tanga, Dar au Mombasa anayefungua boneti kila wiki ningeipa nafasi sawa na ya kwanza, kwa sababu joto linapokausha maji unaweza kuyarudisha. Ukinunua iliyokuja bila asidi na kujazwa mbele yako, iache itulie na ichajiwe kabla ya kufungwa. Betri za EFB, yaani za maji zilizoimarishwa, ni za gari zinazojizima kwenye foleni. Kama Mazda yako ina mfumo huo na kwenye betri pameandikwa Q-85, usishuke chini ya hapo, ya kawaida itakufa mapema. AGM, ambayo asidi yake imenyonywa kwenye mkeka wa nyuzi za kioo, ni ghali na haipendi joto la injini. Inunue pale tu gari lilipotoka nayo kiwandani. Wenye gari za haibridi kama Aqua au Prius, betri yenu ndogo ya volti 12 mara nyingi iko nyuma, ndani ya gari. Ikiwa huko, lazima iwe na tundu la mpira wa kutoa gesi nje, na mpira huo urudishwe.

Usishawishiwe na namba kubwa ya CCA, yaani ampea za kuwashia injini kwenye baridi. Inapimwa kwenye nyuzi -18, baridi ambayo Njombe hawaijui. Sisi tunauliwa na joto: mafundi wa betri huhesabu kwamba kila nyuzi 10 zinazoongezeka huongeza kasi ya kuzeeka kama maradufu. Linganisha Ah na urefu wa gwaranti. Na lile koti jeusi linalovalishwa betri kwenye baadhi ya gari za Kijapani ni kinga ya joto, fundi asilitupe.

5. Kebo za kubusti, au busta ya lithiamu

Hizi hazitibu kitu, zinakufikisha tu. Kebo nyingi za bei rahisi ni mpira mnene wenye nyuzi chache za aluminiamu iliyopakwa rangi ya shaba ndani. Maandishi ya 1000A kwenye pakiti hayana uzito. Tafuta milimita za mraba. 16 zinatosha injini ya petroli hadi lita 2.5, kwa dizeli au injini kubwa zaidi, 25. Kwaruza ncha: ikiwa nyeupe ndani, ni aluminiamu.

Kama unaendesha usiku au peke yako, weka fedha kwenye busta ya lithiamu (betri ndogo ya kubeba ya kuwashia gari) badala ya kebo, hutamtegemea mtu. Usiiache ndani ya gari lililoegeshwa juani. Kwa vyote viwili, klipu ya mwisho nyeusi ifunge kwenye chuma cha injini mbali na betri, kwa sababu betri inayochajiwa hutoa haidrojeni na cheche moja inaweza kuilipua.

6. Swichi ya kukata betri, na sola ndogo

Ni kwa gari linalosimama wiki nzima au zaidi. Swichi ni rahisi na inafanya kazi, ila treka itazimika. Paneli ya wati 5 hadi 10 inarudisha kile kinachonyonywa kidogo kidogo mradi ipate jua. Weka chaji kontrola, kifaa kinachozuia chaji isizidi, katikati ya paneli na betri.

Vya kuacha

Betri iliyotumika iliyooshwa na kupakwa rangi. Dawa za unga za kufufua seli. Na betri kubwa kupita kisanduku chake, iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli: mtikisiko wa barabara unaangusha sahani ndani, na terminali ikigusa boneti ni moto.

Risiti iandikwe tarehe, namba ya betri na muda wa gwaranti, na uliza mapema wanaipimaje betri iliyorudishwa. Ile ya zamani usiimwage asidi wala kumpa mtu wa kuivunja uani. Risasi yake ni sumu kwa watoto hasa. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliathiriwa na kiwanda kilichoyeyusha betri karibu na nyumba zao, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Ipeleke dukani ikiwa imesimama wima na asidi yake ndani. Wauzaji wengi wanaipokea na kukukatia kiasi kwenye bei ya mpya, basi itaje kabla hamjaafikiana bei.