TAHADHARI: Ofa ya kubadilisha oili ya difu hapa Arusha

Wenye Land Cruiser, Prado, Hilux na Patrol mlioko Arusha, kuna gereji inatoa ofa ya kubadilisha oili ya difu (gia za kwenye ekseli zinazozungusha magurudumu) ya mbele, ya nyuma na transfa (gia zinazogawa nguvu kwa difu hizo mbili) kwa bei moja, "unasubiri nusu saa tu". Msiwaachie gari mkaenda kunywa chai.

Gari la kaka yangu lilipelekwa pale kabla ya safari ya Loliondo. Aliporudi kulichukua akaoneshwa beseni la oili nyeusi tii, "ona ilivyokuwa imechoka", akalipa 180,000. Baada ya safari difu ya nyuma ikaanza kulia kila akiachia pedeli ya mafuta. Fundi wetu alipoingia chini ya gari akakuta nati ya kujazia imezungukwa na tope kavu, hakuna hata alama ya spana. Akaifungua, akaingiza kidole, hakugusa oili. Iliyotoka chini haikufika hata nusu ya kinachotakiwa. Kraun na pinioni, zile gia mbili kubwa za ndani ya difu, zilikuwa zinasagana karibu kavu! Wateja wengine wawili wameniambia nao walioneshwa beseni, na nati zao hazikuguswa.

Kwa hiyo simama pale pale, tena kabla ya kazi kuanza angalia nati zenyewe. Gari liwe sehemu tambarare. Nati ya kujazia, ile ya juu, ndiyo ifunguliwe kwanza. Ikigoma baada ya oili kumwagwa, gari halitoki hapo. Oili inatakiwa kufika mdomoni mwa tundu, kidole kikiingia kidogo tu kilowe. Kisha nati ya chini, ya kumwagia: kwenye magari mengi ina sumaku, na uji wa kijivu juu yake ni kawaida. Vipande vya chuma si kawaida, hapo usikubali kufungiwa tu. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, na hilo ni jambo la kawaida kwa wanaovuka mito, hasa mpira wa difu wa kupumulia ukiwa umekatika.

Oili mpya ifunguliwe mbele yako, kopo lina sili. Magari mengi ya aina hii yanatumia kwenye difu oili ya uzito wa 80W-90 au 85W-90, ya daraja la GL-5, ila thibitisha kwenye kitabu cha gari, na kama difu ni ya LSD (inayozuia gurudumu moja kuzunguka bure), kopo liseme hivyo. Oili ya gia ina harufu kali ya salfa. Ukiletewa ya kupimwa kutoka kwenye dumu, isiyo na harufu hiyo, kataa.

Kaka alirudi kudai hela yake. Wakamwambia alete risiti, na risiti hawakumpa. Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, iandikwe oili aina gani, lita ngapi, difu ipi, ndipo ulipe.